Pete Yenye Bawaba

"Hii siyo bunduki yetu," alisema Helvi Kemppainen, akaisukuma picha kwa kidole kimoja hadi upande wa pili wa meza, kama anayerudisha sahani yenye unywele.

Mpelelezi Taimi Hautakangas akaisogeza picha karibu. Asubuhi ile alikuwa ameendesha gari kilomita mia moja na arobaini juu ya barafu, na magoti bado yalikuwa yakimlalamikia. Tangu kituo cha polisi cha wilaya ya jirani kifungwe, mpelelezi mmoja alifanya kazi ya wawili na kulaumiwa kwa watatu. Alikuja kutafuta sahihi moja tu. Bibi atie sahihi kwenye orodha ya vitu vya marehemu, faili lifungwe Ijumaa kama mkubwa wake alivyoagiza, na yeye arudi nyumbani akalale. Sasa sahihi haikupatikana, na kahawa ilikuwa inapoa.

"Ni bunduki yenu, Helvi. Nambari ni thelathini na nane elfu, mia moja na kumi na mbili. Kibali chake niligonga muhuri mimi mwenyewe miaka sita iliyopita, Arvi alipoikuta ndani ya ukuta wa sauna."

"Nambari sijaikataa. Nimesema siyo bunduki yetu."

"Sasa nikuelewe vipi?"

"Nielewe kama ninavyosema, wewe binti wa Toivo. Baba yako naye alikuwa mgumu hivyo hivyo."

Taimi akakata kipande cha jibini ya kuokwa, akakitumbukiza kwenye kahawa yake, kama ilivyo desturi ya kule, ili apate muda wa kufikiri. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza na zito kulibeba. Wiki tatu zilizopita, tarehe nne Novemba, Arvi Kemppainen, mume wa Helvi, alikutwa amekufa ndani ya karakana yake, hatua arobaini kutoka jikoni hapa. Risasi moja ilimwingia kifuani kwa mbele, kutoka karibu. Bunduki ya vita ya baba yake, ambayo alikuwa akiitengeneza kwa miaka sita, ilikuwa sakafuni kando yake. Mlango mzima, hakuna kilichoibwa. Kituo kiliandika kuwa ni ajali ya kusafisha silaha.

Kijiji hakikuandika kitu, lakini kilisema. Mwezi wa nane daktari alikuwa amemwambia Arvi kwamba mikono yake ingeendelea kutetemeka, na mwisho asingeweza hata kushika bisibisi. Basi watu wakajumlisha wenyewe. Kwenye duka la ushirika walinyamaza Helvi akiingia. Hakuna aliyemwambia usoni kwamba mumewe alijiua, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa sababu neno ambalo halikusemwa hakuweza kulijibu.

"Mimi sitaki mengi," Helvi alisema, kana kwamba alikuwa akimsikia akiwaza. "Nataka kujua kitu kimoja. Aliniacha, au alichukuliwa? Mkishanijibu hilo nitatia sahihi hata orodha ya viazi."

"Nionyeshe picha ina kasoro gani."

Helvi akainuka, akafungua droo ya kabati la vyombo, akatoa kamera ndogo ya Arvi. Alibonyeza vitufe kwa ustadi ambao Taimi hakuutegemea kwa mwanamke wa miaka sitini na tisa, kisha akaiweka mezani karibu na picha ya polisi.

"Arvi alipiga picha kila siku kabla hajaanza kazi. Hii ni ya siku ile, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Tazama mbele, karibu na mdomo wa mtutu. Hiyo pete inayoshika mbao na chuma. Unaona nini?"

Taimi akavaa miwani. Pete ya chuma, nzito, na ubavuni mwake kijiti kidogo cha bawaba, kama cha mlango wa kabati.

"Bawaba."

"Sasa tazama yenu."

Kwenye picha ya polisi pete ilikuwa laini pande zote. Skrubu moja, basi. Bawaba haikuwepo.

"Ile yenye bawaba ni ya bunduki za jeshi," Helvi alisema. "Baba mkwe alikuwa wa Walinzi wa Raia, wale wa kujitolea, na bunduki zao zilikuwa na pete yao. Ya kwake ilivunjika vitani, fundi wa kikosi akamtia hiyo ya jeshi, akaipiga mbao tupa mpaka ikakubali. Arvi alitafuta iliyo sahihi miaka mitatu. Alikwenda Oulu, alikwenda Tampere, aliandika barua Uswidi. Hakupata. Miaka arobaini na sita nimelala na mtu anayetaja skrubu usingizini, halafu mnadhani sijui pete?"

"Angeipata siku ile asingekuambia?"

Helvi akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye akili aliyeuliza upuuzi. "Angeipata, ningesikia kelele zake mpaka hapa kabla hajavua kofia."

* * *

Taimi aliwasha gari ili apate joto, akampigia simu Ilpo Seppänen, mtunza vielelezo kituoni, mtu wa miaka sitini anayependa chakula chake kuliko watu.

"Afande, ndiyo kwanza nimefungua supu ya njegere."

"Ifunike. Itoe bunduki ya Kemppainen. Kuna pete mbele. Nilegezee skrubu, uniambie mbao iliyo chini yake ikoje."

Aliisikia pumzi ya Ilpo, kabati la chuma, vyuma kugongana. Dakika nne zikapita. Kwenye dirisha la jikoni Helvi alisimama bila kujificha, akilitazama gari.

"Haya. Mbao ni nyeusi kwa lami ya msonobari, imepakwa mara nyingi. Chini ya pete kuna alama ya kitu kingine. Kuna kishimo ubavuni, kama cha..."

"Cha bawaba."

"Sasa kama unajua, supu yangu ina kosa gani?"

"Alama za tupa zipo?"

"Zipo, za zamani. Na skrubu ya hii pete mpya imekazwa vizuri mno, afande. Mfereji wake wa bisibisi umelala sawasawa na mtutu. Mkono wa aliyefunga hii haukutetemeka."

Taimi akafumba macho. Bunduki ni ile ile, pete ni nyingine. Kati ya saa nne na dakika arobaini na saa saba, Helvi alipokwenda kumwita mumewe kunywa kahawa, mtu alileta kipande ambacho Arvi alikitafuta miaka mitatu, akakifunga kwa mkono mtulivu.

"Ilpo, kwenye orodha ya vitu vya karakanani, kuna pete yenye bawaba?"

Karatasi zilifunuliwa. "Hakuna. Kuna pete za nyuma mbili, kuna springi, kuna kopo la kahawa lenye skrubu mia tatu na kumi na saba. Nazikumbuka, nilizihesabu mimi."

"Na ganda la risasi?"

"La mwaka thelathini na saba. Tuliandika kwamba huenda alilikuta ukutani pamoja na bunduki."

"Ukutani hakukuwa na risasi. Nilikuwepo, Ilpo. Na risasi zake zote zilikuwa mpya, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Helvi. Tuliandika kwa sababu tulikuwa tumechoka."

Wote wawili walijua ni kweli, na kwamba uchovu haupigiwi muhuri popote.

* * *

Mtu wa kwanza kumjia akilini alikuwa Kauko Sarajärvi, na Taimi alijua sababu: hakumpenda. Kauko aliuza na kubadilishana silaha za zamani katika jengo lililokuwa kituo cha mafuta, nje kidogo ya Kajaani. Mara mbili majira yale ya kiangazi alikwenda kwa Arvi kumbembeleza amwachie bunduki ya baba yake, na mara ya pili Arvi alimtoa na ufagio. Gari lake jeupe lilionekana kwenye njia ya kijiji wiki ile ile Arvi alipokufa.

"Wiki ile, siyo siku ile," Kauko alisema, akiwa amekaa juu ya sanduku la mbao huku akishika tumbo. "Tarehe nne nilikuwa nimelala kifudifudi, sijui chali, hospitali, wananitoa henia. Karatasi hiyo hapo. Na kovu ninalo, nikuonyeshe?"

"Baki nalo."

"Wengine hulipa kuliona."

"Kauko, sijala cha maana tangu alfajiri. Nisaidie nisikuchukie." Taimi akaweka picha mbili kwenye kaunta. "Hii pete isiyo na bawaba. Ungeipata wapi?"

Uchekeshaji ukamtoka Kauko kama hewa. Aliiinamia picha, akatoa lenzi mfukoni, akaitazama kwa muda mrefu. Taimi alikuwa ameona wanaume wakiwatazama hivyo watoto wao wachanga.

"Mungu wangu. Alimfungia Arvi," alisema polepole.

"Nani?"

"Afande, hizi pete hazipo. Zilizopo ziko kwenye bunduki, na mwenye bunduki haichomoi hata ukimpiga. Mimi nimeshika moja tu huru katika miaka kumi. Hii hapa. Unaona huu mkwaruzo kama mkia wa panya? Niliuona mimi kabla yako."

"Ukampa nani?"

"Sikumpa. Tulibadilishana, Septemba, kwenye maonyesho ya Oulu. Mimi nilipata mkanda wa ngozi na vifuko viwili vya risasi, vyote vya mwaka mmoja, vyote na mihuri yake. Nilidhani nimemwibia." Akakwaruza kidevu. "Niliona ajabu. Yule mzee hana bunduki ya Walinzi wa Raia hata moja. Nikamuuliza, ya nini sasa? Akasema, kuna mahali inakosekana."

"Jina, Kauko."

"Tauno. Tauno Moilanen. Mwenyekiti wa wakusanyaji wa silaha za zamani."

Taimi alikuwa amemwona Tauno Moilanen Jumamosi tu, kanisani. Alikuwa mmoja wa sita waliobeba jeneza la Arvi.

* * *

Nyumba ya Tauno ilikuwa ng'ambo ya ghuba ya ziwa, kilomita mbili kwa kijia cha ufukweni kutoka kwa Kemppainen, kumi na moja kwa barabara. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mjane, miaka sabini na minne, mwembamba na aliyenyooka. Tangu ujana wao yeye na Arvi walibishana juu ya jambo moja. Tauno alishikilia kwamba bunduki irudishwe ilivyotoka kiwandani, kila kipande cha mwaka wake, na kisichofaa kitoke. Arvi alijibu kwamba vita navyo ni fundi, na kilichotiwa na vita kina haki yake. Walibishana hivyo kila Jumanne, wakala pamoja, wakaagana wakiwa wamenuniana, na Jumanne iliyofuata wakaanza upya. Pete ya mbele tu ndiyo waliyokubaliana. Hiyo hata Arvi aliona aibu nayo.

"Ingia, Taimi. Viatu acha tu, sakafu ni chafu," Tauno alisema. Sakafu ilikuwa inang'aa.

Chumba cha nyuma kilikuwa na droo ukuta mzima, ndogo ndogo, kila moja na kadi yake. Taimi alikuwa amesikia habari zake lakini hakuwahi kuziona. Alivuta moja bila kuomba ruhusa. Ndani mlikuwa na springi saba, na kila moja ilikuwa na kibandiko cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, mwandiko mdogo wa mpima ardhi: imetoka bunduki nambari fulani, ya fulani, tarehe fulani.

"Hutupi kitu?"

"Ukitupa kipande umetupa ushahidi," Tauno alisema. Kisha akalisikia neno lake mwenyewe, akakaa kitini.

Taimi alivuta kiti kingine. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na hamu. Kuna kesi ambazo mpelelezi hutamani kukosea, ili apate sababu ya kwenda nyumbani.

"Tauno, nitakuambia utaratibu. Hulazimiki kunijibu. Unaweza kungoja wakili. Naweza pia kurudi kesho na karatasi ya upekuzi na vijana wawili ambao watazichanganya droo zako zote."

"Usiwalete."

"Basi nifungulie droo ya pete za mbele."

Saa ya ukutani iligonga mara mbili. Tauno aliinuka, akaenda moja kwa moja kwenye droo ya safu ya tatu, akaivuta. Hakujifanya kutafuta. Akatoa pete nzito yenye bawaba, akaiweka kwenye kiganja cha Taimi. Kibandiko kilining'inia kwa uzi mweupe. *Imetoka 38112. A. Kemppainen. 4 Novemba.*

Taimi alikisoma mara mbili. Katika miaka thelathini na moja ya kazi alikuwa ameona wauaji wakichoma nguo, wakizamisha magari, wakilisha mbwa vitu vya ajabu. Hakuwahi kuona mtu aliyechukua kitu kutoka penye maiti, akakipeleka nyumbani, akakiandikia tarehe ya kweli.

"Ungeweza kukitupa ziwani," alisema. "Ungeweza angalau kuandika tarehe nyingine."

"Isingekuwa sahihi."

"Hebu nieleze, Tauno. Taratibu, mwanzo mpaka mwisho."

Alieleza kama anayesoma ramani. Alikwenda kwa mguu, pete ikiwa ndani ya leso. Arvi alipoiona alikaa chini kwenye kigoda, akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akamtukana kwa kuificha miezi miwili. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo alimpa Tauno bisibisi. Tauno alitoa ya zamani, akaitia mfukoni kama kawaida, akaifunga mpya.

"Kisha?"

"Nilikuwa nimemletea na risasi tano za kuigiza. Za kujaribia komeo tu. Nilizitengeneza mwenyewe kutoka risasi za kweli za mwaka thelathini na saba, mwaka wa bunduki yenyewe. Nilitoa baruti, nikaua fataki za kuiwasha, nikarudisha vichwa vyake. Zinazouzwa dukani ni za plastiki. Kwenye bunduki ile plastiki ingekuwa matusi."

"Bunduki ilikuwa wapi?"

"Kwenye jiliwa, imebanwa, mdomo kuelekea dirishani. Mimi nyuma. Niliisukuma ya kwanza ndani, komeo likaenda kama siagi. Arvi akaenda mbele kuitazama pete kwenye mwanga wa dirisha. Aliinama. Alikuwa na miwani yake ile ya kamba." Tauno alikunja na kukunjua vidole vyake. "Huwa navuta kifyatulio. Kila mara, kusikia mlio wake. Miaka hamsini."

"Risasi tano."

"Nne nilizitoa baruti."

"Na ya tano?"

"Niliihesabu pamoja nazo, bila kuifungua."

Nje, theluji ilianguka kwenye paa la banda kwa kishindo, na wote wawili wakashtuka.

"Ukaitoa bunduki kwenye jiliwa, ukailaza karibu naye."

"Ndiyo. Nikachukua zile nne."

"Bisibisi ilikuwa bado mkononi. Pete ya zamani mfukoni. Ungebadilisha kwa dakika moja, na mimi leo ningekuwa nyumbani nimelala. Kwa nini hukubadilisha?"

Mzee aliitazama droo iliyobaki wazi.

"Ilikuwa imekamilika," alisema. "Hatimaye ilikuwa imekamilika. Sikuweza kuirudishia ile mbovu."

Taimi alisikia hasira ikimpanda, hasira ya kweli, ambayo alidhani umri ulikwisha kuizima. Haikuwa juu ya risasi. Risasi ilikuwa ajali, na mahakama ingeipa jina lake.

"Ulibeba jeneza lake."

"Upande wa kichwa."

"Ukanywa kahawa ya msiba kwa Helvi."

"Vikombe viwili."

"Ulisikia kijiji kinasema nini juu yake?"

"Nilisikia."

"Na Helvi alikutazama machoni, hajui kama mumewe alimkimbia. Wewe ndiye mtu mmoja tu duniani aliyejua. Wiki tatu, Tauno! Una kibandiko cha kila skrubu ya nchi hii, lakini neno moja la kumpa yule mama hukuwa nalo?"

"Kila siku nilivaa koti," Tauno alisema. "Nilifika mpaka mwisho wa gati, nikatazama kwao. Kisha nikarudi." Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, na hakuyafuta. "Nilijua mkiitazama vizuri ile pete mtakuja. Nilingoja mwitazame."

"Hatukuitazama," Taimi alisema. "Mkewe ndiye aliyeitazama." Akatoa bahasha ya vielelezo, akaitia ile pete ndani, akaandika. Kisha akauliza swali ambalo halimo kwenye utaratibu wowote. "Arvi alisema nini mwisho?"

Tauno alimwambia.

* * *

Saa tisa unusu giza lilikuwa limeshaingia. Taimi alimwacha Tauno na askari wawili wa doria waliokuja kumpeleka Kajaani, akazunguka ghuba kwa gari. Helvi alikuwa kwenye ngazi za mbele na koleo la theluji mkononi, ingawa ngazi zilikuwa zimeshafagiliwa hadi kwenye mbao.

"Sema tu hapa hapa," alisema. "Ndani nitaanza kukupikia."

Taimi akasema, bila kupunguza wala kuongeza: pete, risasi tano, jiliwa, dirisha, mkono uliozoea. Helvi alisikiliza ameegemea koleo. Lilipotajwa jina la Tauno alifumba macho, akayafumbua.

"Kwa hiyo hakuniacha."

"Hakukuacha, Helvi."

"Sema tena."

"Hakukuacha. Alikuwa na furaha. Mwaka mzima hakuwahi kuwa na furaha kama ile, ndivyo alivyosema Tauno, na Tauno kwa vipimo huwa hakosei." Alisita, kisha akaona hana haki ya kulizuia. "Neno lake la mwisho lilikuwa, 'Usiilegeze hiyo skrubu, ngoja nimwite Helvi aje aone.'"

Koleo lilianguka. Helvi alikaa kwenye ngazi, pale pale kwenye baridi, mikono imelala mapajani.

"Niliusikia mlio," alisema. "Nilikuwa nakanda unga wa shayiri. Nikajisemea, wawindaji hao, wako karibu mno na nyumba za watu. Nikaendelea kukanda." Alitikisa kichwa. "Angeniita ningekuja. Mikono na unga wake, ningekuja."

Taimi akakaa karibu naye, magoti yakapiga kelele, akayaacha yapige. Kule ng'ambo ya ghuba taa za gari la doria zilipita katikati ya misonobari, zikapotea. Helvi alizifuata kwa macho mpaka mwisho.

"Ile pete ya baba mkwe, mtanirudishia lini?"

"Kesi ikiisha. Labda majira ya kuchipua."

"Nitangoja. Huyo mtunzaji wenu anayehesabu skrubu, mwambie aifunge. Hiyo hiyo yenye bawaba. Ndiyo yetu." Aliliokota koleo lake, akaliegemea ili ainuke. "Ile nzuri mpeni Tauno."

"Helvi, si lazima..."

"Mpeni. Akaitie kwenye droo yake, na aiandikie kibandiko vizuri. Imetoka kwa nani, na siku gani." Alifungua mlango, mwanga wa jikoni ukamwangukia usoni, na Taimi akaona kwamba analia na kwamba hana nia ya kujificha tena. "Tarehe asiisahau."